Kuhusu poni aliyechechemea siku ya uchunguzi

Dada, umeuliza kama umnunulie bintiyo poni (farasi mdogo) wa miaka 14 ambaye, katika uchunguzi wa kabla ya kununua, baada ya daktari wa mifugo kumkunja mguu wa nyuma kwa takriban dakika moja na kumkimbiza, alichechemea hatua chache kisha akawa sawa. Hilo peke yake lisikutishe, kwa kuwa viungo kukakamaa katika umri huo si ajabu, na daktari huko Uingereza hasemi farasi amefaulu au ameshindwa, bali hutoa maoni kuhusu kazi uliyomtajia. Kuruka vizuizi ni tofauti na matembezi ya Jumapili.

Kinachonitia wasiwasi ni zile pete ulizoziona kwenye kwato za mbele, zinazoachana zaidi kuelekea kisigino, maana huenda ni alama ya uvimbe wa ndani ya ukwato, maradhi yanayowarudia poni wanaonenepeshwa na majani mabichi. (Mimi nilizipuuza, nikajuta.) Omba picha za eksirei za kwato hizo kabla ya kulipa, uulize bima haitagharamia nini, na uhakikishe damu iliyochukuliwa siku ile imehifadhiwa, kwani akianza kuchechemea wiki ijayo, itapimwa kujua kama alipewa dawa ya maumivu.