Maswali ya Wasomaji: Programu Itajuaje Kwamba Mtumiaji Ameondoka?

SWALI: Ninasimamia kanzidata ya Microsoft Access inayotumiwa na watu wapatao 20 katika mtandao wa ofisi. Data zote zimo katika faili moja lililoko kwenye seva, na kila mtumiaji ana faili lake la fomu na ripoti kwenye kompyuta yake. Kila jioni ninapotaka kulibana na kulikarabati faili la data, hukuta mtu mmoja au wawili wamekwenda zao na kuiacha programu wazi, kwa hiyo sipati nafasi ya kulifungua peke yangu. Nimeweka ule msimbo unaojulikana wa fomu iliyofichwa, ambayo huhesabu dakika 5 za kutotumika kisha huifunga programu. Jioni mambo yamekuwa mazuri, lakini mchana watumiaji wananilalamikia kwamba programu inawafungia huku vidole vyao viko kwenye kibodi. Kuna nini?

JIBU: Msimbo wako unafanya kile hasa ulichoagizwa, ila kilichoagizwa sicho unachokitaka. Ufuatilie sekunde kwa sekunde utaona. Fomu iliyofichwa ina kipima muda ambacho TimerInterval yake ni 1000, na kwa kuwa thamani hiyo ni ya milisekunde, tukio lake hutokea kila sekunde. Kila linapotokea, msimbo husoma jina la fomu iliyo mbele kupitia Screen.ActiveForm na jina la kidhibiti (yaani kisanduku au kitufe cha fomu) chenye kishale kupitia Screen.ActiveControl, kisha huyalinganisha na majina uliyoyahifadhi sekunde iliyotangulia. Yakitofautiana, hesabu hurudi sifuri. Yakifanana, sekunde moja huongezwa, hadi zitimie dakika ulizoziweka.

Kwa hiyo kinachopimwa ni kama mtu amehama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, wala si kama yupo. Mtumiaji anayeandika maelezo marefu ya malalamiko ya mteja anaweza kubonyeza herufi elfu moja ndani ya kisanduku kimoja, na kwa muda wote huo msimbo ukamhesabu kuwa hayupo. Vivyo hivyo kwa anayeshuka safu moja ya orodha, rekodi baada ya rekodi: rekodi zinabadilika, lakini jina la kidhibiti ni lilelile. Anayesoma ripoti kwenye skrini ndiye mwenye bahati mbaya zaidi, kwa sababu wakati huo hakuna fomu iliyo mbele, Access hutoa kosa namba 2475, na msimbo hulimeza kosa hilo, hujiandikia kwamba hakuna fomu, kisha huendelea kuhesabu kana kwamba chumba ni kitupu.

Wapo wanaoutibu msimbo huu kwa kuuongezea mambo ya kulinganisha, kama vile namba ya rekodi iliyopo na maandishi yaliyomo kwenye kisanduku. Unaweza kufika nao mbali, lakini kila kiraka hufichua tundu jingine: sifa ya Text haipo kwenye kila aina ya kidhibiti, na anayezungusha gurudumu la kipanya ili asome fomu ndefu bado hataonekana. Ushauri wangu ni kuacha kuiuliza Access na kuiuliza Windows yenyewe. Tangu Windows 2000, mfumo huo una fankisheni iitwayo GetLastInputInfo, iliyomo ndani ya user32.dll, ambayo hurejesha wakati ambapo kibodi au kipanya kiliguswa kwa mara ya mwisho. Unaipa muundo wenye sehemu mbili za aina ya Long, yaani namba nzima ya biti 32: ya kwanza ni ukubwa wa muundo wenyewe, yaani baiti 8, nayo ni lazima uijaze kabla ya kuita, la sivyo fankisheni haitafaulu, ya pili hujazwa na Windows. Kisha unauliza wakati wa sasa kwa GetTickCount na kutoa kimoja kwa kingine, na jibu ni milisekunde zilizopita tangu mguso wa mwisho. Ikiwa ofisi yako inatumia Office ya biti 64, usisahau neno PtrSafe katika tamko la fankisheni zote mbili. Fomu yako iliyofichwa inabaki palepale; kinachobadilika ni swali inalouliza, na hata haihitaji tena kuuliza kila sekunde. Kila sekunde 30 inatosha.

Jambo moja ulielewe mapema, maana ndilo litakaloamua kama njia hii inakufaa. Windows haijali mguso umefanyika katika programu gani. Mtu aliyeiacha Access nyuma na kushinda akiandika barua pepe ataonekana yuko kazini, na rekodi aliyoifunga kwa kuanza kuihariri itabaki imefungwa. Kwa haja yako ya jioni hilo halina madhara, kwa kuwa aliyekwenda nyumbani hagusi chochote. Lakini ikiwa shida yenu ni rekodi zinazozuiwa mchana, ongeza sharti la pili: programu ihesabiwe kuwa haitumiki pia pale dirisha lililo mbele linapokuwa la programu nyingine kwa muda uliouweka. Fankisheni ya GetForegroundWindow hukupa dirisha hilo. Usililinganishe na dirisha kuu la Access peke yake, kwa sababu fomu za aina ya pop-up ni madirisha yanayojitegemea, na utamfungia mtu aliyemo ndani ya fomu yako mwenyewe. Tumia GetWindowThreadProcessId ujue dirisha ni la mchakato gani, kisha linganisha namba hiyo na ile ya GetCurrentProcessId.

SWALI: Kugundua kwamba mtu hayupo nimeweza. Ninachoogopa ni kuifunga programu wakati ameacha rekodi nusu. Nimesoma kwamba Application.Quit, yaani agizo la kuifunga Access, ikipewa acQuitSaveNone hutupa mabadiliko yote. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na imani hiyo imeenea mno. acQuitSaveNone inahusu muundo wa vitu, yaani fomu, ripoti na hoja (queries) ulizozibadilisha bila kuzihifadhi. Haihusu data zilizomo ndani ya rekodi. Access inapofunga fomu yenye rekodi iliyohaririwa, hujaribu kuihifadhi rekodi hiyo. Ikikuta sehemu ya lazima iko tupu au kanuni ya uhakiki imevunjwa, mambo hayaendi kimyakimya: utatokea ujumbe unaosubiri mtu aubonyeze, na mtu ndiye huyo aliyeondoka, au rekodi itapotea bila yeyote kujulishwa.

Amua mwenyewe kabla ya kuita Quit. Pitia mkusanyo wa Forms, na kwa kila fomu angalia Dirty, sifa inayoonyesha kama rekodi imehaririwa bila kuhifadhiwa. Ikiwa ni kweli, ama uihifadhi rekodi kwa kuifanya Dirty iwe False, ama uifute kwa Undo. Yapo mambo mawili yanayowakwaza wengi hapa. Fomu isiyofungamana na jedwali lolote haina Dirty ya kuulizwa, na kuiuliza husababisha kosa, kwa hiyo angalia kwanza kama RecordSource yake, yaani chanzo cha data zake, ina kitu. La pili ni kwamba fomu ndogo zilizomo ndani ya fomu nyingine hazimo katika mkusanyo wa Forms. Mtumiaji akiwa ameachia kishale ndani ya fomu ndogo, fomu kuu itakwambia kuwa haina mabadiliko, nayo inasema kweli, kwa sababu ilihifadhiwa pale kishale kilipoingia katika fomu ndogo. Rekodi iliyo hatarini ni ile ya ndani. Ni lazima uvipitie vidhibiti vya kila fomu, na kila kilicho cha aina ya acSubform ukiulize Form.Dirty yake.

Kuhifadhi au kufuta? Mimi huegemea kufuta, hasa katika rekodi za fedha au za idhini, kwa sababu malipo yaliyoandikwa nusu na kuhifadhiwa huonekana kesho kama malipo kamili, na hakuna atakayekumbuka kwamba aliyeyaandika alikuwa ameitwa kwenye kikao. Kwa maelezo marefu, ambayo mtu huumia kuyaandika upya, inafaa kuyanakili kwanza kwenye jedwali la rasimu pamoja na jina la mtumiaji na saa, kisha ndipo ufute. Ni kazi ya ziada kwa mwandishi wa programu, lakini huondoa karibu malalamiko yote.

Onyo la kabla ya kufunga nalo lisiwe MsgBox, yaani kisanduku cha kawaida cha ujumbe. Kisanduku hicho husimamisha msimbo ulioufungua hadi mtu abonyeze kitufe, kwa hiyo programu iliyotaka kujifunga kwa kukosa mtu itasimama ikimsubiri mtu huyohuyo. Tengeneza fomu yako ndogo yenye kipima muda chake, ihesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde 60, iwe na kitufe kikubwa cha kuendelea, na kipanya kikisogezwa au kibodi ikiguswa ijifunge yenyewe bila hata kungoja kitufe hicho.

SWALI: Kompyuta zetu hazizimwi kwa wiki kadhaa. Siku moja hesabu ya muda ilitoa kosa la kuzidi kiwango, halafu haikurudia tena. Ni nini kile?

JIBU: GetTickCount huhesabu milisekunde tangu Windows ilipowashwa, kwa namba ya biti 32 isiyo na alama ya kutoa, na baada ya siku 49.7 hujaa na kuanza sifuri. Katika VBA, lugha ya msimbo wa Access, hali huja mapema zaidi, kwa sababu Long ina alama: baada ya siku 24.8 hivi namba hurukia upande hasi. Ikiwa mguso wa mwisho ulikuwa kabla tu ya kuruka na swali limeulizwa baada tu ya kuruka, unaitoa namba kubwa chanya kutoka kwa namba kubwa hasi, na jibu haliwezi kuingia ndani ya Long. Dakika chache baadaye mtu akigusa kipanya, namba zote mbili zinakuwa upande mmoja na kosa hutoweka, ndiyo maana hukuliona tena. Zigeuze namba zote mbili ziwe Double, aina inayobeba namba kubwa zaidi, kabla ya kutoa, na jibu likiwa hasi liongezee 4,294,967,296. Hilo latosha kwa mipaka yote miwili.

SWALI: Watumiaji wetu huingia kwenye seva moja kwa dirisha la mbali (Remote Desktop). Je, mguso wa mmoja hautahesabiwa kuwa wa wote?

JIBU: Hautahesabiwa. GetLastInputInfo hutoa habari za kikao kilichoiita tu, na kila mtumiaji aliyeingia kwenye seva ana kikao chake.

SWALI: Tangu niweke fomu yenye kipima muda, ninapoandika msimbo kishale kinarukaruka na nafasi kati ya maneno zinafutika. Je, faili langu limeharibika?

JIBU: Faili ni zima. Kipima muda kinaendelea kufanya kazi wakati kihariri cha VBA kiko wazi, na kila kinapolia humkatiza mwandishi katikati ya mstari. Ifunge fomu hiyo kabla ya kuanza kuandika, au weka sharti la kutoiwasha pale mtumiaji anapokuwa wewe.

SWALI: Nikiacha kuhesabu kutotumika, je, kuna njia ya kuwatoa wote saa ninayoitaka mimi? Na nitamjuaje aliyebaki?

JIBU: Ipo, na kwa matengenezo ya usiku naiona kuwa bora kuliko kuhesabu dakika, kwa kuwa haimgusi mtu wakati wa kazi. Weka faili dogo la maandishi katika folda ya pamoja pale unapotaka watu watoke. Fomu iliyofichwa ya kila mtumiaji iulize kwa fankisheni ya Dir, mara moja kwa dakika, kama faili hilo lipo. Likiwapo, ifungue lile onyo la sekunde 60 na kufuata hatua zilezile za kulinda rekodi. Kutumia faili nje ya kanzidata kuna faida ya kutolifungua faili la data kwa ajili ya kuuliza tu. Wako wanaoweka alama hiyo katika jedwali, kisha wakaifungamanisha fomu iliyofichwa na jedwali hilo, na fomu yenyewe ikawa ndiyo inayoshikilia kanzidata usiku kucha.

Kuhusu aliyebaki, faili la laccdb, yaani faili la kufuli ambalo Access huliweka kando ya kanzidata yako, lina nafasi ya baiti 64 kwa kila mtumiaji: 32 za jina la kompyuta na 32 za jina la kiusalama, ambalo mara nyingi ni Admin kwa wote. Unaweza kulifungua kwa Notepad na kuyasoma majina. Usiyaamini yote, kwa kuwa jina la aliyetoka halifutwi mara moja. Hubaki pale hadi mwingine achukue nafasi yake. Katika majina hayo huenda imo kompyuta iliyolala ikiwa na programu wazi, na hiyo hakuna msimbo wako utakaoifikia, kwa kuwa kipima muda kimelala pamoja nayo. Kwa hiyo inabidi kuzipanga kompyuta zisilale kabla ya saa ya matengenezo kupita, au kuweka kikomo cha kutotumika kilicho kifupi kuliko muda wa kulala. Kulifunga faili kwa nguvu kutoka upande wa seva kunawezekana, lakini kukitokea katikati ya uandishi huweza kuiharibu kanzidata, kwa hiyo chukua kwanza nakala ya faili na uhakikishe kwa simu kwamba mwenye kompyuta hiyo hana rekodi aliyoiacha wazi.