Wakubwa watatu, na mtoto hajaulizwa

*Bi, shikamoo. Mimi ni dereva wa tuktuki. Naishi Mtopanga, Kisauni, hapa Mombasa, na mama yangu na watoto wangu wawili, msichana wa miaka 13 aliye Gredi ya 8 na mvulana wa miaka 7. Mke wangu yuko Riyadh, anafanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, umebaki mwaka. Pesa zake ndizo ada na kodi. Za tuktuki ni za chakula, na siku nyingine hazitoshi.*

*Shida ni malezi. Mke wangu anataka kulea kwa simu. Kila siku natumiwa sauti za WhatsApp: mtoto asifanye hivi, asipigwe, asisemeshwe vile. Ananitumia na video za watu wanaofundisha kulea bila kupiga, mambo ya Wazungu. Mama yangu naye hasemi ila asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa kuwa msichana amevunja ungo, anataka apelekwe Ukunda kwa dadangu akalelewe na mwanamke mwenziwe.*

*Mwezi uliopita binti alirudi kutoka tuisheni saa mbili kasoro usiku. Kisauni unaijua, Bi, na habari za vijana wa mapanga unazisikia. Nilimchapa kwa mshipi pale uani, wapangaji wakitazama. Tangu siku hiyo hanijibu ila "ndiyo" na "la". Mke wangu alipopata habari alisema nikimgusa tena hatatuma pesa. Sasa mimi ni baba au ni bawabu? Nani mwenye neno juu ya watoto hawa? Na je, nimpeleke Ukunda?*

*Baba wa wawili, Mtopanga*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikaisoma tena nikitafuta kitu kimoja, na sikukiona. Umenieleza saa aliyorudi. Umenieleza mshipi, wapangaji, na maneno ya mkeo. Hukunieleza binti alikuwa wapi.

Nadhani hukunieleza kwa sababu mpaka leo hujui, na hujui kwa sababu mshipi ulilitangulia swali. Mkeo naye, kwa ulivyosimulia, anatuma maagizo tu. Mamako amekwisha kukata hukumu ya kumhamisha. Wakubwa watatu mnagombania neno la mwisho juu ya mtoto, na hakuna hata mmoja aliyetaka kulisikia neno lake la kwanza.

Hofu yako siibezi. Mzazi wa Kisauni anayemngoja binti gizani moyo haumtulii, na aniambie nani kwamba hiyo ni hofu ya bure. Lakini tazama kile ulichomfundisha usiku ule. Amejifunza kwamba akichelewa, hata iwe kwa sababu gani, kwa babake hakuna kusikilizwa. Sasa siku akifuatwa na kijana njiani, au mtu mzima akimsogelea isivyofaa hukohuko kwenye tuisheni, atampigia nani simu? Si wewe. Atanyamaza, au atamwambia rafiki yake wa miaka 13, ambaye naye hana la kumsaidia. Ulimpiga ili awe salama, na sasa hakuambii kitu. Usalama gani huo?

Kuhusu Wazungu, hapo nina la kukuambia, na wanawake wa rika langu watanisuta kwa hili, wacha wanisute. Bakora si urithi wetu peke yetu. Hao Waingereza waliotutawala walikuwa wakiwachapa watoto wao shuleni, na shule zao za serikali hazikuiacha fimbo hadi 1987. Upande wetu, Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu akiwa mtoto, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "uff", lile neno dogo la kuudhika. Hilo tumelisoma chuoni, kwenye madrasa, wewe na mimi, huenda mwalimu akiwa na bakora mkononi. Kwa hiyo usimwambie mkeo ameleta mambo ya ugenini.

Sheria nayo haiko upande wako. Fimbo shuleni ilipigwa marufuku 2001, na Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Haikusema "ila mtoto akiwa kwao". Sikutishi na polisi. Nakuambia ujue kwamba ulilofanya uani mbele ya wapangaji, mtu mzima angelifanyiwa lingekuwa kesi.

Kutopiga hakuna maana ya kuachilia, na video za simu mara nyingi hazifiki hapo. Binti wa miaka 13 anahitaji saa ya kurudi inayojulikana. Akiivunja bila sababu kuwe na kitu anachokosa: simu ya nyumbani haishiki wiki hiyo, Jumamosi kwa rafiki haendi. Liwe jambo lililosemwa mapema, lifanyike bila matusi, lisibadilike kwa sababu siku hiyo abiria walikuwa wachache nawe umerudi na hasira. Kulea hivi ni kazi zaidi ya kupiga. Mshipi unamalizika kwa dakika mbili. Haya yanataka uwepo.

Sasa mkeo. Kutishia kukata pesa ni kosa, na ukitaka msomeshe sehemu hii. Ada ni haki ya watoto, haitumiki kumkomoa baba. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyohiyo kinasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Wajibu sawa hauna maana kwamba anayetuma nyingi ndiye mkubwa. Wala hauna maana kwamba aliye nyumbani ndiye mwenye mali. Lakini mwanangu, jaribu kukaa mahali pake kidogo. Anaamka asubuhi nyumba ya watu, anaosha sakafu ya watu, na habari za kwamba mwanawe amepigwa mshipi zinamfikia kwa simu. Mikono haimfiki. Angefanya nini zaidi ya kutishia kile alicho nacho?

Na lile la mamako, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lisemwe nyumbani mwako kwa mara ya mwisho. Mama mtu yuko Riyadh ili mtoto akae darasani. Msichana anasikia nyanyake akimsema mamake, na hajui amlilie nani. Mweleze mamako faraghani, kwa adabu, bila kuinua sauti: "Mama, mkono wako ndio unaoshikilia nyumba hii, na siwezi bila wewe. Lakini mke wangu asisemwe mbele ya watoto." Atanuna siku mbili. Mavyaa wa Mombasa kununa ndiyo desturi yao, atatulia.

Umeniuliza nani mwenye neno. Sikupi jibu la mtu mmoja kwa sababu halipo. Ya kila siku, kama chakula, kulala, chuo, nani aende dukani, ni ya aliyepo, yaani wewe na mamako, na mkeo asiyaendeshe kwa sauti za WhatsApp. Makubwa, kama kuhama shule, kuhama nyumba, matibabu na adhabu yoyote nzito, ni ya baba na mama pamoja, kabla hayajatendeka. Bahati yenu ni kwamba saa za Riyadh na za Mombasa ni moja, hamna kisingizio cha usiku wa manane. Wekeni siku moja kwa wiki, wakati mwajiri wake anapompa nafasi, mzungumze nyinyi wawili juu ya watoto tu. Pesa zizungumzwe siku nyingine.

Na hizo sauti, nadhani zinachezwa kwa kipaza, nyumba nzima inasikia. Basi binti hana pa kumwambia mamake jambo lake. Mpe simu, afunge mlango, azungumze na mamake peke yake, na akitoka usimuulize wamesema nini.

Ukunda usimpeleke. Mtoto aliyepigwa mwezi uliopita, ukimfungia sanduku mwezi huu, ataelewa kitu kimoja: nimefukuzwa kwa sababu nimekua. Tena mwakani ana mtihani wa Gredi ya 9 unaochangia kuamua sekondari ya juu atakayokwenda. Huo si wakati wa kuanza shule mpya na marafiki wapya. Lakini mamako ana jambo la kweli ndani ya ushauri wake. Binti aliyevunja ungo anahitaji mwanamke wa kumfundisha kuhesabu siku zake, kujitwaharisha, josho, na yale maswali ambayo hatakuuliza wewe hata iweje. Wazee wetu walimwekea msichana somo, yaani mwanamke wa kumfunda, na kwa kawaida hakuwa mamake. Basi dadako awe somo wake, ila yeye ndiye aje. Apande matatu hadi Likoni, avuke feri, ambayo mwenda kwa miguu halipi, na Jumamosi moja kila mwezi alale kwenu.

Sodo nunua wewe. Shule za serikali zinatakiwa kuwapa wasichana bure tangu sheria ya 2017, lakini mgao hauji kila unapohitajika. Weka pakiti mahali anapopajua, bila hotuba, na ikikaribia kwisha weka nyingine. Hilo peke yake litamwambia kwamba babake hamwonei haya.

Sasa la kwanza kufanya, na nimeliacha hapa kwa sababu ndilo gumu. Kesho nenda kamchukue tuisheni kwa tuktuki yako. Ufike mapema, mwulize mwalimu darasa huisha saa ngapi, umjue kwa sura. Njiani usiweke muziki. Mwambie: "Nilikosea kukupiga kabla ya kukuuliza, na nilikosea kukupiga mbele ya watu." Usiongeze "lakini". Kisha siku hiyo usiulize kitu. Mchukue tena siku ya pili, na ya tatu, hata kama ni kupoteza abiria wa magharibi. Mtoto akiwa kiti cha nyuma, haoni macho ya babake, huzungumza kuliko mkiwekana uso kwa uso sebuleni. Akiwa tayari, mwulize alikuwa wapi usiku ule. Huenda ni kwa rafiki mwenye intaneti, huenda alikosa matatu, huenda ni mvulana. Ikiwa ni mvulana, shika usukani kwa mikono miwili na usikilize mpaka mwisho. Na akikuambia kuna mtu mzima anayemsumbua, hapo hakuna kikao cha ukoo wala kusitiriana: piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure, na uende kituo cha polisi siku hiyohiyo.

Jingine dogo. Huyo mvulana wa miaka 7 umemtaja mstari mmoja tu, na sitaki kuamini kwamba ni kwa sababu hajavunja kitu bado. Naye alikuwa uani siku ile? Kama alikuwa, ana la kuambiwa pia. Kazi za shule anazokuja nazo nyumbani, zile za kukata makaratasi na kuokota majani, asizifanye na dadake kila siku. Kaa naye chini asubuhi kabla hujatoa tuktuki, mzifanye.