Hodi, feri na samahani: maswali yenu ya wiki hii

Jirani yangu ghorofani hapa Tudor, Mombasa, hugonga mlango mpaka nifungue, nikinyamaza apiga simu huku bado agonga. Nimwambieje?

Mwambie siku umetulia dadangu, sio siku amekuudhi. Hodi ina utaratibu wake na pwani tumelelewa nao, wabisha mara tatu, wangoja kidogo kati ya moja na nyengine, wasimama kando ya mlango ili macho yasiingie kabla yako, na ya tatu ikikosa jibu warudi zako. Mtu aweza kuwa aswali, aoga, ama leo hataki kuonana na mtu na hiyo pia ni haki yake. Simu nayo ni vivyo hivyo, missed call kumi za nini.

Mtoto wa miaka 6 akikataa kuamkua wageni nimchape?

La. Akuone wewe ukimuamkua mlinzi na mama wa mahamri kila asubuhi, atafuata.

Juzi jioni kwa feri mama mjamzito alisukumwa pale kwa mteremko, nikanyamaza. Bado yaniuma.

Yakikuuma ni kwa sababu una utu mwanangu. Likoni kuvuka kwa miguu ni bure na sote twatoka kazini saa moja, geti likifunguliwa kila mtu aona mgongo wa aliye mbele tu. Siku nyengine simama nyuma yake, nyosha mikono useme kwa sauti "jamani taratibu, kuna mama hapa", utaona watu wapunguza, mimi nimeshuhudia sana. Usingoje aombe! Mamangu alipoumwa goti kijana alimchukulia kikapu kutoka sokoni Kongowea mpaka stegi ya matatu bila kuambiwa, hata soda akakataa, na mpaka leo mamangu humuombea dua na jina lake halijui.

Nilimtukana makanga wa matatu juu ya chenji ya shilingi 50, kumbe alishanirudishia. Nimsahau ama nimtafute?

Mtafute. Nenda stegi ileile uulizie gari, wao wajuana. Ukimpata usimvute pembeni, samahani yako mpe palepale mbele ya wenzake, maana matusi pia ulimpa mbele ya watu.