Baba yuko kwenye pembrolizumab, na ile haikuwa amiba

Siku ya nne ya kuharisha, baba alikuwa ameshakwenda chooni mara tisa kabla ya adhuhuri. Mezani kwake palikuwa na Flagyl tulizonunua duka la dawa, vidonge vya taifodi kutoka zahanati ya mtaani, na jagi la ORS. Sote nyumbani tulijua ana saratani ya mapafu. Sote tulijua kila baada ya wiki tatu anawekewa dripu ya dawa iitwayo pembrolizumab. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, hata mimi niliyepewa karatasi ya maelezo na kuikunja kwenye pochi bila kuimaliza.

Naandika kwa ajili yako unayeuguza mzazi, mume au dada ambaye ameanza au anakaribia kuanza dawa hii. Mimi si daktari, ni mtoto wa mgonjwa. Ila kuna jambo moja laiti ningelijua mapema, ningempunguzia baba mateso ya siku nne: madhara ya dawa hii huja yakiwa yamevaa nguo za magonjwa tuliyoyazoea. Yanafanana na amiba, taifodi, malaria, TB, hata uchovu wa uzee. Na kwetu, kila mtu ana jibu la haraka la magonjwa hayo.

Nianze na jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hili, madhara yote yanaeleweka. Daktari wa baba alitueleza hivi. Mwilini kuna askari, zile chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Kila askari ana kama bega fulani linaloitwa PD-1. Akiguswa pale, anatulia. Seli zetu zenye afya zina mkono wa kumgusa, PD-L1, ili asije akamshambulia mwenye nyumba. Saratani nyingine nazo zimeota mikono hiyo hiyo. Askari akisogea, anaguswa begani, anapita zake, na uvimbe unaendelea kukua. Pembrolizumab inakwenda kukaa juu ya lile bega na kulifunika. Askari hatulizwi tena, anapigana.

Lakini ona kilichobaki. Kama saratani haiwezi tena kumtuliza, basi utumbo wa baba nao hauwezi. Wala ngozi, ini, mapafu, tezi ya shingo. Ndiyo maana madhara yake si yale ya kemo tuliyozoea kuyaona, ya nywele kunyonyoka na kutapika. Ni mwili kujishambulia wenyewe, na unaweza kuanzia kiungo chochote. Mwenye historia ya magonjwa ya kinga kama lupasi au baridi yabisi, au aliyepandikizwa figo, lazima aseme kabla ya dripu ya kwanza.

Wazo la kuondoa breki hizi liliwapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa yenyewe iliidhinishwa kwanza Marekani mwaka 2014, kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Siku hizi hutumika pia kwa baadhi ya saratani za mapafu, shingo ya kizazi, kichwa na shingo, figo, utumbo mpana na nyinginezo. Neno la kushika hapo ni "baadhi".

Jamaa zetu walipopata habari, simu ilijaa ujumbe kuhusu Jimmy Carter. Ni kweli, mwaka 2015 rais huyo mstaafu wa Marekani, akiwa na miaka 90, alitangaza kuwa melanoma imefika kwenye ini na ubongo, na miezi michache baadaye akasema vipimo havioni tena saratani kwenye ubongo. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Ila ujumbe ule haukusema kwamba alifanyiwa pia upasuaji na mionzi. Haukusema pia kwamba wapo wengi ambao dawa hii haiwasaidii. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ambao PD-L1 yao ilikuwa asilimia 50 au zaidi (yaani angalau nusu ya seli za saratani zilikuwa na mikono ile), waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni kama 32 kwa kila 100 walioanza na pembrolizumab, na 16 kwa kila 100 walioanza na kemo. Kwangu mimi hiyo ni tofauti kubwa sana, na nilishukuru. Lakini hesabu mwenyewe waliobaki.

Kwa hiyo nakusihi, usiuze kiwanja kabla ya vipimo. Baba alikatwa kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa maabara kupimwa PD-L1, na pia kuangaliwa mabadiliko ya vinasaba kama EGFR na ALK, kwa sababu wenye hayo huwa na vidonge vyao vinavyowafaa zaidi. Majibu yalichukua wiki kadhaa na tulikuwa tunaona anachelewa, hasa kwa kuwa tulishapoteza miezi huko nyuma kikohozi chake kikitibiwa kama TB. Hata hivyo kusubiri kule ndiko kulikotuhakikishia kwamba pesa ya ukoo haiendi kwenye kubahatisha. Kipimo cha PD-L1 kikarudi asilimia 70.

Kuhusu pesa sitazunguka: ni ghali kupita kiasi. Dozi ya miligramu 200 ni chupa mbili, na matibabu yanaweza kwenda hadi miaka miwili. Usiulize bei ya dozi ya kwanza peke yake. Uliza ya mwaka, uliza bima inalipa nini kwa maandishi, uliza kama kuna mpango wa msaada kupitia hospitali. Nimeona familia imechanga kwa harambee, ikanunua dozi mbili, ikaishia hapo, na naamini wangeshauriwa vizuri wangechagua tiba nyingine wanayoimudu hadi mwisho. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu kwa saratani za mapafu, shingo ya kizazi na utumbo mpana za aina fulani zilizosambaa. Naomba Mungu hilo lishushe bei. Na ukisikia mtu anaiuza kwa bei ya kutupa nje ya hospitali, achana naye. Hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na hujui ile chupa imelala wapi.

Dripu yenyewe ni nusu saa tu. Baba alikuwa anamaliza na kuomba chai. Baada ya dozi ya pili akaanza kuwashwa mgongoni na mikononi, tukapewa losheni na vidonge vya mzio, ikapungua. Baada ya dozi ya nne akawa mzito, analala mchana, anaongea polepole. Tukasema uzee na ugonjwa. Kilichonishtua ni kumkuta Februari, joto la Dar lile, amevaa sweta sebuleni na feni imezimwa. Nikampigia sista wa kliniki. Damu ikapimwa, tezi ya shingo ilikuwa imelala, haitoi tena homoni ya kutosha. Sasa anameza levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni hiyo, kila asubuhi kabla ya kula, na pengine ataimeza maisha yake yote. Kwa kidonge hicho alirudi kuwa baba yangu ndani ya wiki chache.

Halafu ndiyo ikaja ile ya kuharisha. Siku ya nne nilipompigia tena sista, hakuniuliza habari za chakula wala maji. Aliuliza, "Kabla ya dawa, mzee alikuwa anakwenda choo kubwa mara ngapi kwa siku?" Mara moja. "Na sasa?" Tisa. Akasema, "Mlete leo, msisubiri kesho." Utumbo ulikuwa unashambuliwa na kinga yake mwenyewe. Alilazwa, akachomwa dawa za steroidi za kutuliza kinga, kisha akaendelea na steroidi ya vidonge, predinisoloni, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa zaidi ya mwezi. Hapa ndipo wengi hukosea: mgonjwa akijisikia nafuu anaacha. Usiache, wala usipunguze kwa akili yako. Baba alikosa usingizi na sukari ikapanda kidogo, lakini tulifuata ratiba hadi kidonge cha mwisho. Pembrolizumab ilisimamishwa kwanza, akarudishiwa utumbo ulipotulia.

Nakuomba uyachukue haya kama unavyochukua namba ya simu ya dharura. Kuharisha kunakozidi desturi ya mgonjwa, au choo chenye damu. Kikohozi kipya au pumzi kukata akipanda ngazi alizokuwa anazipanda. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai. Kiu isiyokatika na kukojoa kila saa, kwa kuwa kisukari kinaweza kumwingia ghafla mtu ambaye hajawahi kuwa nacho. Kichwa kisichoacha kuuma pamoja na kizunguzungu. Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, jambo ambalo ni nadra lakini likitokea halingoji asubuhi. Lolote kati ya haya, piga simu kliniki ya saratani kabla ya kwenda duka la dawa. Na hata matibabu yakiisha bado uwe macho, maana madhara huweza kutokea miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Shangazi zangu walileta unga wa mlonge na chupa za dawa za "kuongeza kinga". Walileta kwa upendo. Nilikaa nao, nikawaeleza kwamba kinga ya baba kwa sasa haina upungufu wa nguvu, ina tatizo la kujua pa kuishia. Tuliziweka pembeni. Uji, samaki na matunda waliendelea kuleta, na hivyo vilimsaidia kweli.

Tulichofanya baada ya kulazwa kule ni kuandika kadi. Jina lake, jina la dawa kwa herufi kubwa, tarehe ya dozi ya mwisho, namba ya kliniki, na sentensi moja: "Natumia tiba ya kinga ya saratani. Dalili yoyote mpya yaweza kuwa madhara yake. Tafadhali piga namba hii." Tuliipitisha kwenye leminesheni stesheneri ya jirani. Haitoki mfuko wa shati lake.

Mwezi uliopita alikuwa kijijini Muheza akapata homa na kutetemeka. Alifika zahanati, na kabla hajaketi akamkabidhi mganga kadi. "Soma kwanza hii, mwanangu, ndipo unipime." Yule kijana akasoma, akapiga simu Dar, wakazungumza kirefu, kisha akamtoboa kidole. Safari hii ilikuwa malaria kweli. Alipewa dawa mseto, na siku ya tano alinipigia akiwa shambani, ananiuliza kama nimekumbuka kuthibitisha miadi ya dozi ya kumi na nne.