Shangazi, Dar wananipa laki tisa, nihame?

SWALI: Assalaam alaykum shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 31, kwetu Wete ila nipo Unguja mwaka wa saba huu, nafanya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Darajani, napata 620,000 mkononi. Nimepanga Jang'ombe, vyumba viwili na ukumbi, 150,000 kwa mwezi, kazini naenda kwa miguu. Mke wangu anapika mikate ya ufuta anapeleka kwenye maduka matatu ya mtaani, kwa siku inabaki kama 8,000 baada ya unga na nazi. Tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Sasa kuna kampuni Dar wameniita kazi, mshahara 900,000 kabla ya makato. Ofisi ipo Posta. Rafiki yangu aliyeko kule kanitafutia nyumba Tabata, vyumba viwili choo ndani, 250,000, kodi ya miezi sita. Mke hataki lakini hasemi sana, mama yangu kule Wete anasema niende nikatafute maisha. Na mimi naona laki tisa si ya kuikataa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu imenigusa khasa, mimi mwenyewe nilivuka bahari nikakaa Temeke miaka sita kwa sababu kama hizi hizi zako, mshahara umepanda basi kila mtu anakwambia nenda.

Tuanze na hiyo laki tisa maana haipo. Bara utakatwa NSSF asilimia 10 ambayo ni 90,000, inabaki 810,000, hapo ndo kodi ya mshahara inaingia. 270,000 ya mwanzo haikatwi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, halafu asilimia 20 mpaka 760,000, na kinachozidi hapo mpaka milioni ni asilimia 25. Nimekupigia hesabu kodi yako ni 80,500. Kwahiyo mkononi utashika 729,500. Umeongezewa laki moja na kidogo tu juu ya ile 620,000 unayoipata sasahivi.

Sasa mwanangu, kwenye barua yako mke umemtaja kama anayejishughulisha tu, mimi nakwambia mke wako ana mshahara. 8,000 mara siku 26 ni 208,000. Nyumba yako leo inaingiza 828,000, siyo 620,000, na ukihamia Dar hiyo laki mbili unaiacha Jang'ombe. Utaniambia ataanza upya huko. Ataanza, ila unajua mwenyewe mkate wa ufuta unavyopikwa, anaubandika kwenye chungu akakipindua kikatazama makaa, harufu ya ufuta inafika barabarani na watu wanamjua, mwenye duka anamhifadhia sehemu yake kabla hajafika. Tabata atakuwa mgeni, kwenye nyumba ya wapangaji watano uani pamoja, na kupika kwa mkaa asubuhi yote mwenye nyumba atamruhusu? Nimeyaona hayo. Mwaka mzima ulipita kabla sijapata wateja wa maandazi yangu kule Temeke.

Halafu nauli. Huku unatembea. Kutoka Tabata mpaka Posta wengi wanaunganisha gari mbili, na daladala Dar tangu Disemba 2023 safari fupi isiyozidi kilomita 10 ni 600. Mara nne kwa siku, siku 26, ni 62,400. Toa na kodi 250,000. Unabaki na 417,100 ya kula, umeme, skuli, dawa na mama. Huku ukitoa kodi 150,000 kwenye ile 828,000 unabaki na 678,000. Yaani unahama unapanda cheo halafu kila mwezi unapungukiwa laki mbili na nusu na zaidi.

Na hapo sijagusa kuingia. Kodi ya miezi sita ni milioni moja na nusu, dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla 1,750,000 kabla hujanunua hata godoro. Mimi nilishawahi kulipa miezi sita, mwezi wa tatu mwenye nyumba akauza, mnunuzi akaja na mafundi wa kubomoa, hela yangu sikuiona tena maana tulikuwa tumeandikiana kwenye karatasi ya daftari bila shahidi. Wewe mhasibu, usifanye hivyo, ukienda andikishaneni kwa sheha wa huko, wao wanamwita mwenyekiti wa mtaa, na uliza mita ya LUKU ni ya kwako peke yako au mnachangia. Mita ya kuchangia inavunja ujirani kuliko kitu chochote, huku tumezoea TUKUZA, ndo LUKU ya kwetu, yako unaijua mwenyewe.

Sisemi Dar mbaya, ningekuwa muongo. Tungule, vitunguu, mbatata, nyingi tunazokula huku zinatoka Bara, zinavuka bahari ndo zinafika Darajani, kwahiyo kule sokoni utapumua kidogo. Nguo Kariakoo bei zake ni zake. Na kwa kazi yako kule kuna nafasi, mji una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 wakati Zanzibar nzima Unguja na Pemba ni 1,889,773, kampuni ni nyingi, leo uko hapa kesho unaitwa pale, na ukitaka kusoma CPA, ile ya wahasibu, madarasa ya jioni yapo. Hilo lina thamani na mama yako pengine ndo analoliona. Lakini jioni hiyo ya kusoma utaipata wapi ukiwa kwenye foleni? Mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja nafika nyumbani saa mbili usiku, mtoto kashalala. Miaka miwili ya mwanzo mwanangu wa pili alinijua Jumapili tu.

Halafu kuna Wete. Hili nitalisema na naomba usinikasirikie. Sasahivi mama akiumwa unapanda boti ya Pemba unashuka Mkoani unachukua gari, siku hiyo hiyo au asubuhi yake umefika. Ukiwa Dar unazo bahari mbili, kwanza uje Unguja saa mbili za boti, halafu usubiri ya Pemba. Sisi maiti hatumuweki. Baba yangu alifariki usiku nikiwa Temeke, nilipofika Unguja walishamzika, nikaikuta hitma. Mpaka leo nikipita pale makaburini nasimama.

Kwahiyo jibu langu ni kwa hiyo 900,000 usiende. Ila usiwakatalie, waandikie uwaombe 1,300,000. Sijaitoa hewani, ukikatwa NSSF na kodi inabaki 991,000, toa nyumba na nauli unabaki na 678,600, yaani pale pale ulipo leo, na biashara ya mke ikisimama huko ndo faida yenu. Wakisema hawawezi kufika huko, waombe wakulipie kodi ya miezi sita ya mwanzo kama mkopo bila riba na mshahara usipungue milioni na laki moja, na hapo ukae na mke mkubaliane mtafunga mkanda mwaka mmoja, siyo zaidi. Kwenda peke yako ukawaacha Jang'ombe mimi silipendi, nyumba mbili ni kodi mbili na vyungu viwili. Na kabla ya yote muulize mke, "hasemi sana" siyo jibu. Kaa naye siku ambayo hana mikate, muoneshe hizi hesabu, anazielewa kuliko unavyodhani maana yeye ndo anajua unga umepanda lini. Wakikujibu niandikie.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nipo hotelini Paje, napata 360,000, chumba hapa hapa Paje wananidai 150,000. Bora nihamie Mwanakwerekwe kwa dada yangu niwe nakwenda na kurudi?

JIBU: Marahaba. Mshahara wako umeizidi kidogo tu ile 347,000 ambayo ndo kima cha chini cha sekta binafsi kilichotangazwa Zanzibar 2024, na karibu nusu unampa mwenye chumba, ni nyingi mno. Wageni wanaokuja kukaa miezi na miezi wamepandisha vyumba vya huko, wenyeji na wafanyakazi ndo wanaoumia na mimi linaniuma. Lakini Mwanakwerekwe siyo jibu kama una shifti ya usiku, gari ya shamba ya saa tano usiku huipati. Kwanza omba kota ya wafanyakazi hata kama ni kitanda cha juu, ukikosa tafuta chumba Kitogani au ndani huko kijijini mbali na pwani, mchangie na mwenzako wa kazi. Na usilipe miezi inayogusa masika, Aprili na Mei hoteli nyingi zinafunga na watu wanarudishwa kwao bila mshahara, muombe mwenye chumba mkataba uishie Machi, hiyo miezi ndo ukakae kwa dada.