Ukiwa na saa moja Mkunazini, anza na kanisa

Msomaji mmoja kaniandikia kutoka Morogoro. Anakuja Unguja na kwaya ya parokia yao, boti ya asubuhi kuja, ya alasiri kurudi, na anauliza kama kanisa la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, lina la maana la kuona au waende zao ufukweni. Ndugu yangu, umemuuliza mtu aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya kanisa hilo!

Nilikuwa natembeza wageni wa kampuni moja hapa mjini. Utaratibu wao ulikuwa mmoja: teremsha watu kwenye vyumba vya watumwa, wapige picha zile sanamu zilizofungwa minyororo shimoni, rudisha garini. Kanisa liko hatua chache tu, hakuna anayeingia. Mimi nikawa nawaingiza na tunachelewa. Siku moja msimamizi akanambia mbele ya wageni kuwa mimi ni shekhe aliyekosa msikiti. Kofia yangu kichwani, watu wanacheka. Hilo halijanitoka. Sasa hivi wakipata wageni wa kupenda historia wananipigia simu wao wenyewe, na bei nataja mimi.

Basi anza kanisani. Vile vyumba vya chini wanahistoria wanabishana navyo, maana jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisheni baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Kanisa halina ubishi huo: limekaa juu ya soko lenyewe. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, akaliezeka kwa zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, na tangu 1882 amelala nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni. Hapo, kama inavyosimuliwa, ndipo palipokuwa na mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Nyamaza kidogo ukifika hapo. Upande wa mlangoni tazama nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini; inasemekana Steere alikuwa safarini, mafundi wakaziweka walivyoona wao, naye aliporudi akaziacha.

Halafu nenda kwenye msalaba wa mbao. Wengi wanaupita, kwa sababu ni mdogo na hauna nakshi. Sogea karibu uitazame mbao yenyewe. Ilitoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake. Mwili wake, watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao waliubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, ukavushwa kuja hapa Unguja. Kila mgeni ananiuliza habari za Livingstone. Waliobeba hawaulizwi! Tuna maradhi sisi ya kwenda mahali ili tuseme tumefika, na picha ndiyo shahidi. Kaa kwenye benchi. Kaa, jamani. Simu itie mfukoni.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, hapa ni Zanzibar, na ndani watu wanasali. Jumapili usiingie na kamera katikati ya ibada.

Na kwa kuwa nyinyi ni Wakatoliki, mjue Mkunazini ni Anglikana. Lenu ni la Mtakatifu Yosefu, wenyewe tunaliita Minara Miwili, lilijengwa na wamisheni wa Kifaransa miaka ya 1890. Minara hiyo mtaiona tangu boti haijatia nanga, lakini mkishaingia vichochoroni inapotea, kwa hiyo ulizeni njia. Nje ya saa za misa mara nyingi mlango wa mbele unafungwa. Mwambie kiongozi wa kwaya apige simu parokiani kabla hamjaondoka, na kama mnataka kuimba, aombe ruhusa kwenye simu hiyo hiyo.

Ufukwe wa nini tena? Mkimaliza, Forodhani bahari ipo, na bandari haiko mbali.