Desemba sinunui samaki ya Luapula, na biashara inatembea

Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku Lubumbashi ameniandikia inbox: "Jambo mama, mi niko Katuba, nataka kuanza biashara ya samaki, nimesikia we ni wa zamani mu hiyo kazi, nipe tu namba ya mvuvi mmoja wa Kasenga anayeuzisha ata mu desemba, juu wakati ile njo bei inapanda." Nilicheka kwanza, kisha nikakasirika, kisha nikaona heri nijibu hapa watu wote wasome, juu si yeye peke yake, mvua ikianza tu hizo mesaji zinanijaa, na najua wengi wenu mnaonisoma mnataka kitu ile ile nilikuwa nataka: frigo yako, makliyenti yako, watoto wanalipiwa masomo bila kukopa kwa mtu.

Namba sitakupa, mwanangu, juu desemba uvuvi umefungwa. Kaa nikuelezee.

Mi nimezaliwa mu samaki. Babu yangu alifanya kazi ku Kasenga, kando ya mto Luapula, mpaka wetu na Zambia, kwa Wagiriki, wale waliokuwa na mashua za barafu, wanazunguka Luapula na ziwa Mweru kununua samaki na kuleta huku, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, juu ya kulisha watu wa mgodi wa shaba. Wakati ile samaki ya pesa haikuwa ile tilapia tunaitaka pale, wala samaki ya makobo, ilikuwa mpumbu. Mpumbu iko samaki ya kupanda mto. Inakulaka mu ziwa, mvua za kwanza zikinyesha na maji ikianza kujaa inaingia Luapula kwa makundi, inapanda mpaka upande wa maporomoko ya Mambilima, kwenda kutaga.

Sasa waza kama mfanyabiashara: samaki inakuja yenyewe, mu njia moja, majuma yale yale kila mwaka, na tumbo imejaa mayai. Unahitaji akili gani? Nyavu tu. Miaka ya 1930 na 1940 watu wakatega nyavu za kusimamisha mu mto palepale inapopita, upande wetu na upande wa Rodezia (Zambia ya leo), Mgiriki, Mwafrika, kila mtu, na mji ulikuwa unakula zote. Mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu ikaanguka. Babu alisemaka msimu ulifika, mashua zikatoka na barafu kama kawaida, zikarudi na barafu. Biashara ikahamia ku pale. Kufika miaka ya 1970 pale nayo ikashuka vibaya, watu wakahamia ku chisense, ile kadogo ya kuvua usiku na taa. Angalia vile tunashuka: kutoka samaki ya kukata vipande mpaka samaki ya kuhesabia na kikombe. Mpumbu haijaisha kabisa, moja moja inaonekana, ila hakuna mtu leo anaweza kusomesha mtoto juu ya mpumbu.

Sasa mtaniambia mama hiyo ni historia ya wazee. Basi twende mbali kidogo.

Mdogo wangu iko Canada, Vancouver, anafanya mu kiwanda cha samaki, na sisi wawili kazi ni kutumiana vokali za samaki tu, mke wake amechoka na sisi. Mwaka 2022, mwezi wa kumi, alienda kutazama samoni, samaki ya kupanda mto kama mpumbu, ku mto Adams, kule inapanda mingi zaidi kila miaka minne. Akanitumia video. Ndugu zangu! Maji ya magoti, safi kabisa, na samaki nyekundu kama nyanya, kichwa kijani, zimejazana mpaka mgongo iko inje ya maji. Jike analala ubavu, anapiga mkia ku changarawe mpaka shimo inatokea, dume anasimama karibu anatetemeka, mayai inaingia, jike anasogea mbele anapiga tena, changarawe inafunika. Mkia wake ulikuwa umekwisha, umebaki weupe kama kitambaa kimechanika. Ile samaki tangu imeingia mtoni haijakula kitu. Ikitaga inakufa, hizo za Pasifiki zote ziko hivyo, na dubu wanavuta mizoga porini mpaka mbolea ya baharini inaingia ndani ya miti.

Inazaliwa mtoni, inashuka baharini, inanenepa huko miaka kadhaa, kisha inarudi mu mto ule ule, mwishoni inaufuata na harufu ya maji. Yaani njia ni moja. Ukiziba njia umemaliza. Na wazungu wameiziba sana, msifikiri ni sisi tu wajinga. Mwaka 1913 waliokuwa wanajenga reli mu bonde la mto Fraser, kule kule Canada, walimwaga mawe mtoni, pale panaitwa Hell's Gate, mwaka uliofuata mawe mengine ikaporomoka, mto ukabana, maji ikawa kali samaki haipiti. Ngazi ya kupandishia samaki ilijengwa miaka ya 1940. Karibu kizazi kizima cha wavuvi! Ku Marekani mto Columbia wakajenga barrage ya Grand Coulee, ukuta mkubwa wa kuzuia mto, bila njia yoyote ya samaki, samoni zote za juu zikakatika.

Na ikishaumia, haitabiriki tena. Mwaka 2009 ku Fraser walingojea samoni nyekundu zaidi ya milioni 10, zikaja karibu milioni moja na nusu, serikali ikaweka jaji achunguze. Mwaka uliofuata zikaja karibu milioni 30, watu wakacheza. Mwaka 2020 hazikufika ata 300,000. Maji ya mto inapata moto, bahari imepata moto, miti ya kando imekatwa, mwaka 2018 mlima mwingine uliporomoka mtoni kule Big Bar na wakaujua mwaka uliofuata. Hakuna sababu moja ya kumshika shati.

Lakini kitu imenigusa mimi kama mwanamke wa biashara ni Alaska. Kule Bristol Bay wanajenga kama minara kando ya mto, mtu anakaa juu anahesabu samaki zinapita, dakika 10 kila saa, mchana na usiku. Zile zinazopita kwenda kutaga zinahesabiwa kwanza. Wakiona zinatosha, wavuvi wanafunguliwa. Wakiona kidogo, mashua zote zinakaa, ata kama una deni ya banki. Na wavuvi wanakasirika, msifikiri wanapiga makofi! Lakini mwaka 2022 Bristol Bay ilipata samoni karibu milioni 79, haijawahi kuonekana. Na haikuwasaidia wote, juu ku mto Yukon, Alaska hiyo hiyo, samoni kubwa imeanguka mpaka mwaka 2024 Alaska na Canada wamepatana kufunga miaka 7. Miaka saba! Sisi miezi mitatu inatushinda.

Njo narudi kwangu. Zambia wanafunga uvuvi ku Mweru na Luapula toka tarehe 1 desemba mpaka mwisho wa februari, na huku kwetu pia tunafungaka. Mi nilipoamua kutonunua samaki mbichi wakati ile, wenzangu wa depo walinicheka. Mmoja, sitasema jina, tulikuwa tunakula sahani moja na nilimbebea mtoto wake ku hospitali usiku, alienda moja kwa moja kwa kliyenti yangu mkubwa, restora moja ya mjini, akamwambia "ule mama amekwisha, hana samaki, njoo kwangu." Restora ikaenda. Ata salamu hawakunipa. Ndani ya kanisa wakasema najifanya mtakatifu wa samaki. Iliniuma, na ukweli ingali inaniuma, nikipita mbele ya ile depo nageuzaka kichwa.

Lakini mwaka huu mwezi wa nne nani aliniita? Ile restora. Juu samaki ya desemba, mnajua wenyewe, inavuliwa kwa wizi, inafichwa, inasafiri bila barafu mu barabara ya Kasenga yenye matope, inafika jicho imezama na matamvua ya kahawia, na mkaguzi akiishika unapoteza yote. Wamelipa hasara mara mingi wakachoka. Nikawauzia, na bei nilipandisha kidogo, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo mashauri yangu, we kijana wa Katuba na wengine. Oktoba na novemba ukinunua, bonyeza tumbo polepole kuelekea mkia. Mayai ikitoka, rudisha, mwambie mvuvi hiyo sitaki, na useme kwa sauti wengine wasikie. Mvuvi anavua kitu wewe unanunua, usimlaumu yeye peke yake. Uliza nyavu gani, ingiza vidole ndani ya tundu, kama kidole kimoja tu kinapita achana nayo. Chandarua ya mbu usijadili. Kutumpula, ile ya kupiga maji na magongo kufukuza samaki ndani ya nyavu, usinunue.

Mu miezi ya kufunga uzisha samaki mkavu uliyoweka toka agosti, uzisha tomsoni (ile samaki ya baharini ya frigo), uzisha tilapia ya bwawa. Faida ni ndogo, ndiyo. Ndiyo! Unataka kutajirika desemba hii tu ao unataka kuuzisha samaki mpaka uzeeke? Na usinunue yenye mayai. Nimeshasema, narudia, juu najua mtasoma na kesho mtanunua.

Kitu ya mwisho, juu siku hizi kila mtu akikosa samaki anasema "walete vifaranga wamwage mu ziwa." Wenzetu wa samoni wamemwaga kuliko sisi tutakavyoweza, nchi za Pasifiki zinaachilia mabilioni ya vifaranga kila mwaka, na samoni za asili mu mito mingi zingali hatarini, juu za kufugwa zinagombania chakula nazo, na zikizaana watoto hawana nguvu ile ya porini. Lakini ku mto Klamath, Marekani, walibomoa mabarrage manne, walimaliza mwaka 2024, na oktoba ile ile samoni zilishapita juu, hakuna mtu aliyezibeba. Mimi kama wangeniuliza, ile pesa ya vifaranga ningelipa vijana wa Kasenga wakae na mtumbwi na torchi usiku wa mvua za kwanza, watoe nyavu mu mto wakati mpumbu inapanda, na walipwe vizuri, juu mvuvi mwenye nyavu atakuja kuwahonga.